Siku Kitanda cha Dani Kilipotoka Uani

Juma lililopita fundi alikuja kuziba tangi letu la maji. Alikata chupa ya soda katikati, akamimina ndani yake kitu kizito chenye rangi ya asali mbichi, akadondosha dawa yake, akaanza kukoroga kwa kijiti. Mimi nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki. Harufu iliponifikia niliweka kisu chini, nikatoka, nikaenda kusimama karibu naye kama mtu aliyeitwa. "Mama, rudi nyuma kidogo," akaniambia, "hii kitu ni kali, itakuumiza kichwa." Nikamwomba aniache. Nilifumba macho. Ni harufu tamu kwa mbali na kali kwa karibu, pipi iliyochanganyika na mafuta ya taa, na wengi huikimbia. Mimi hunirudisha ufukweni, nje kidogo ya Kisumu, katika ua wetu uliotazama ziwa, na humwona bibi yangu amelala kitandani mchana kweupe, nje, jua likimchoma miguuni, na watu wanakuja mbio wakilia.

Bibi yangu mzaa baba tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita bibi zao. Mama yangu hakuwa Mjaluo, na Kijaluo chake kinachechemea hadi leo, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Cha Dani kilikuwa cha ufukweni, cha kubishana na wateja, nacho kilitosha kabisa kwa mambo yote ya dunia.

Alikuwa na meza yake pale samaki wanaposhushwa. Kazi yake ilikuwa kupaa, kutumbua na kutoa minofu. Ungempa mbuta mrefu kama mtoto wa miaka mitatu, na kabla hujamaliza kuulizana habari na jirani, samaki alikuwa amekwisha, mifupa huku, nyama kule. Nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa la mama. Asubuhi niliamka na magamba kwenye nywele, na shuleni wenzangu waliyabandua wakayaweka kwenye kucha zao kama rangi. Sikuwahi kuona aibu. Nilidhani kila mtoto ana bibi anayemeta.

Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba. Vilivimba taratibu, fundo kwa fundo, mpaka vikafanana na tangawizi. Kisu chake kilikuwa na mpini wa mti, mwembamba, na mti ukishakaa kwenye maji na ute wa samaki miaka mingi unateleza kama sabuni. Kisu kilimtoka mara ya kwanza, watu wakacheka. Kilimtoka mara ya pili, hawakucheka. Mara ya tatu kilimchana kiganja cha kushoto kutoka kidole gumba hadi katikati, akarudi nyumbani amefunga mkono kwa leso, akakaa mlangoni akiwatazama kuku wakipita, na hakumfukuza hata mmoja.

Habari haina miguu lakini hufika. Ilifika Ahero kwa Waya Risper. Waya ni shangazi, dada ya baba. Huyu alikuwa mkubwa wake, mjane, watoto wake wote wamekwishaondoka nyumbani, na nyumba yake ilikuwa karibu na mashamba ya mpunga. Alikuja na mfuko wa mchele na maneno machache. "Mama, imetosha," alisema akiwa bado amesimama. "Mimi sitangoja niitwe kwa sababu umejikata mshipa. Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua. Chumba nimeshatengeneza."

Dani alimjibu kwa kuuliza bei ya mchele.

Lazima niwaambie nilivyoielewa Ahero wakati huo. Jina lile nililisikia redioni tu, na kila nikilisikia lilikuwa limefuatana na mafuriko. Kwa hiyo kichwani mwangu Ahero haikuwa mji. Ilikuwa maji yenye watu juu ya mapaa, na Waya Risper alikuwa mtu anayekusanya wazee na kuwapeleka huko. Nilimchukia kwa moyo wangu wote wa miaka minane. Mchele wake niliula, lakini kwa kinyongo.

Baba yangu, Ochieng, hakuwa mtu wa kubishana na dada yake. Alikuwa fundi wa faiba, ile plastiki ngumu inayotengenezwa kwa vitambaa na gundi. Kibanda chake kilikuwa upande wa Kibuye, mle mlimokuwa na bampa za magari, matangi yaliyopasuka, na wakati mwingine boti nzima imepinduliwa kama kobe. Jioni ile alichukua mkono wa mama yake, akaugeuza chini juu, akaukunja na kuukunjua, kama anavyokagua bampa. Kisha akasema, "Mama, mkono yako haina shida. Shida ni mpini."

"Wewe ni daktari sasa?" Dani akamuuliza.

"Mimi ni fundi. Nitakutengenezea mpini haitelezi hata kwa mafuta. Kabla ya Jumamosi ya Risper."

Nadhani mnajua sasa kilichokuwa hatarini, na mimi pia nilikijua, watoto hujua. Mpini ukifaulu, Dani angerudi mezani pake, na hakuna ambaye angethubutu kumwondoa. Usipofaulu, ningelala peke yangu.

Mpini wenyewe ulitengenezwa kwa nguo. Mama yangu alikuwa na kibanda cha mitumba sokoni Kibuye, na katika kila bunda hukosi suruali za jinzi zilizochanika magoti ambazo hakuna anayezitaka. Alileta tatu. Tulizikata vipande vya upana wa kiganja, mimi na yeye, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mpaka vidole vikaota sugu. Dani alitazama kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, kile cheupe kilichokuwa kimezeeka na kuwa rangi ya maziwa. "Changanya na hii," alisema. "Kama ni mkono yangu, ikae na kitu yangu." Baba akapanga: jinzi mbili, kitambaa kimoja, jinzi mbili, kitambaa kimoja.

Kabla ya hapo alikuwa amemfanyia jambo moja la ajabu. Alichukua bonge la ugali uliolala, akamwambia Dani aukamate kama anavyokamata kisu. Dani akaukamata. Alipofungua mkono, ugali ulibaki na umbo la mkono wake wote, kila fundo na shimo lake, na Baba akauweka juu ya dirisha ukauke. Nilikuwa nikipita hapo mara kumi kwa siku kuutazama. Niliingiza vidole vyangu katika mashimo ya vidole vyake, vikapotea.

Sasa nifikie upumbavu wangu. Nilikuwa nimeiona gundi ya Baba, ileile ya rangi ya asali, ikifanya kazi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu kinachomwagika kikigeuka jiwe, pasipo moto, pasipo jua, na ukikigusa kinakuwa na joto kama mtu mwenye homa. Nikafikiri: ugumu hautoki hewani, lazima unatoka mahali. Na ugumu niliouona nyumbani kwetu ulikuwa mmoja tu, ule wa vidole vya Dani. Basi nikaamini kwamba hii ndiyo tiba yenyewe. Ugumu utamtoka Dani, utaingia kwenye nguo, na vidole vitabaki laini kama zamani. Sikumwambia mtu. Nilidhani watu wazima wote wanajua, ila wananyamaza kwa heshima.

Jumamosi ikafika kabla mpini haujafika. Jiliwa, kile chuma cha Baba cha kubania vitu, kilikuwa kimepasuka taya kazini siku hiyohiyo ya kukihitaji. Nguo zikishalowa gundi lazima zibanwe kwa nguvu hadi zishikane, la sivyo hewa inabaki katikati na mpini unaachana kama chapati. Baba alikuna kichwa. Kisha akasema kile alichopenda kusema kila kitu kilipoharibika, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaenda kukitazama kitanda cha Dani.

Kilikuwa kitanda cha chuma, kizito, cha zamani. Angeweka nguo kati ya mbao mbili, azilaze juu ya jiwe bapa, kisha mguu wa kitanda ukae juu yake. Kwa uzito alitaka kupanga mawe kitandani. Dani akakataa.

"Mawe ya nini na mimi niko hapa?" alisema. "Miaka yote mnasema mimi ni mzito. Leo hiyo uzito ifanye kazi. Lakini ndani ya nyumba siwezi na hiyo harufu."

Kwa hiyo tukakitoa kitanda nje, sisi wanne, tukakiweka katikati ya ua. Baba akakoroga gundi, akahesabu matone ya dawa kwa sauti, akapaka kipande baada ya kipande, akafunga yote kwa karatasi ya plastiki, akabana na mbao, tukanyanyua, tukashusha. Dani akapanda, akalala chali upande ule wa mguu, akavuta shuka hadi kifuani. "Usitikisike," Baba akamwambia. "Ukigeuka, nguo zinateleza, tumeharibu. Nakwenda kutafuta msasa, narudi." Mama akarudi sokoni. Mimi nikaachwa kumlinda Dani asisogee.

Saa ile ya mchana ziwa huwa halisemi kitu. Upepo ulikuwa haujaanza. Harufu ya gundi ilitanda juu ya ua, na kuku walijikusanya kivulini, na wadudu wa ziwa walipita juu yetu kama moshi mwembamba usiojua uende wapi. Dani alifumba macho. Nilikaa chini nikashika mkono wake uliokuwa ukining'inia, nikabonyeza fundo moja moja, nikingoja liyeyuke. Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka kwamba nilikuwa na furaha ya utulivu, ile ambayo mtoto huwa nayo akiamini kuwa mambo makubwa yanaendelea na kwamba yeye yumo ndani yake.

Kwetu kitanda cha mzee hakitolewi nje hivi hivi. Kikitoka uani na mwenyewe yuko juu yake, amenyooka, amefunikwa shuka, watu huelewa jambo moja tu. Baba hakulifikiria. Dani, nadhani, alilifikiria akaona halimhusu. Mama Akoth, jirani yetu, alitokea nyuma ya ua akiwa na ndoo ya maji kichwani. Alisimama. Ndoo ikaanguka. Kisha akaweka mikono kichwani na kuachia ile sauti ndefu ya msiba ambayo ukiisikia mara moja huisahau, na kutoka ufukweni sauti nyingine ikaitikia, na nyingine.

Nikamtazama Dani. Hakusogea hata kope. Nilibonyeza kidole chake, kilikuwa kigumu kama asubuhi, labda zaidi. Ndipo nilipoelewa, kwa akili zangu zile. Ugumu ulikuwa umekosea njia. Badala ya kumtoka, ulikuwa umemwingia wote.

Wanawake wa ufukweni walikuja mbio na aproni zao za plastiki, wengine visu mkononi. Waliuzunguka ua wakilia na kuongea, kama desturi, kila mmoja akimwambia maiti la kwake. Mmoja alimuuliza ni nani sasa atawagawia nafasi kivulini pale ufukweni. Mama Akoth alikiri, mbele ya watu wote, kwamba mwaka uliopita yeye ndiye aliyechukua beseni la bluu la Dani lililopotea. Mimi nililia kuliko wote, na hakuna aliyenisikia.

Katikati ya kelele hizo nilihisi kitu kikinifinya mkono. Sauti ndogo ikatoka pembeni mwa mdomo wa Dani, macho bado yamefumbwa.

"Nyakwara, nani amekufa?"

Kwa Kijaluo, nyakwara maana yake ni mjukuu wangu. "Wewe, Dani," nikamjibu.

Akanifinya tena. "Baba yako amerudi?"

"Bado."

"Basi nyamaza."

Ndipo Waya Risper alipoingia. Alikuwa amekuja kumchukua mama yake kama alivyoahidi, na alikuwa amezisikia sauti tangu barabarani, kwa hiyo alifika amekwishavua viatu, mkoba umefunguka, kitambaa kimeanguka. Watu wakampisha. Hakulia kama wale wengine. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye shuka, akaongea polepole kama mtu anayeongea na mtu aliye macho.

"Nimechelewa," alisema. "Mama, nimechelewa. Chumba nimepaka rangi. Nimenunua kikombe yako. Kila siku napika ya watu wawili, nasahau, namwaga. Hata redio naacha ikiongea nikitoka, nikirudi nipate mtu. Nilikuambia nakuja kukutunza. Nilidanganya. Nani atanitunza mimi?"

Kitanda kilikuwa kikitikisika kwa kilio chake. Na Dani, bila kufumbua macho, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Risper, usitikise kitanda. Gundi haijashika."

Sitaeleza yaliyofuata kwa urefu. Watu walikimbia, watu walirudi. Mama Akoth alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akikasirika, akasema mtu aliye hai hana ruhusa ya kulala hivyo, akataka kuondoka, akakumbuka ndoo yake, akaishia kukaa. Waya Risper alibaki chini, amekaa mavumbini, mkono mdomoni, akimtazama mama yake. Dani naye alimtazama. Alikuwa amebakiza saa nzima ya kulala pale, na aliilala yote, mkono mmoja nimeushika mimi, mwingine ukiwa juu ya kichwa cha binti yake. Wanawake walipika mchele na samaki, wakala wakizunguka kitanda.

Baba aliporudi na msasa wake aliwakuta bado wanakula.

Bonge lilipotoka katikati ya mbao halikuwa na sura. Lilikuwa kitu cheusi chenye ndevu za nyuzi pembeni, kama andazi lililoungua. Nikajua tumeharibu. Lakini Baba alilikata kwa msumeno, akaligeuza tuone upande uliokatwa, na ndani mlikuwa na mistari, bluu bluu nyeupe, bluu bluu nyeupe, kama kitunguu. Hapakuwa na hewa hata chembe. Kwa siku tatu alilichonga kwa tupa akitazama ule ugali wa dirishani, akatoboa matundu, akaligongomea kwenye kisu, akalisugua kwa msasa na maji. Alipochonga mabonde ya vidole, mistari ilijipinda ikazunguka kila bonde. Waya Risper hakuondoka siku hizo. Alisema anangoja aone.

Siku ya nne Dani alirudi mezani. Mkono wake ulikiingia kisu kile, sijui niseme vipi, ulikaa. Mafundo yake yote yalikuta mahali pake. Wakamletea mbuta wa kwanza, akamaliza, wakamletea wa pili. Mwendo haukuwa ule wa zamani, lakini kisu hakikumtoka. Mikono ilikuwa imejaa ute hadi viwiko, na kisu hakikumtoka. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamkuta Waya Risper akichambua mchele, nikamwambia kwa fahari yote niliyokuwa nayo, "Dani haendi Ahero."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kuchambua. Alikuwa hatazami anachochambua.

Jioni ile Dani alitoa mkoba wake chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Nilidhani anatafuta kitu. Alipokunja na gauni la Jumapili nilielewa, nikaushika mkoba nikauvuta, tukavutana naye kama watoto wawili.

"Lakini kisu imefanya kazi," nilimwambia. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Kisu imefanya kazi, Dani. Sasa si ukae?"

Akakaa kitandani, akanivuta karibu. Alinuka samaki na sabuni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Unajua hiyo? Nilikataa kwenda kwa Risper kwa sababu sikuwa na jembe. Ningeenda kukaa kwa kiti, nipewe chai, niulizwe kama nimelala vizuri. Sasa naenda na jembe yangu. Na umemsikia mwenyewe. Hapa niko na nyinyi watu tatu. Yeye ako na redio."

Sikumwelewa, au nilimwelewa nikakataa, na vyote viwili hufanana ukiwa na miaka minane. Nilichojua ni kwamba nilikata zile jinzi kwa mikono yangu mpaka vidole vikaota sugu ili abaki, na kile nilichosaidia kutengeneza ndicho kilichompa ruhusa ya kwenda. Asubuhi nilijificha nyuma ya choo wakaondoka bila kuniaga. Nilisikia akiniita mara mbili. Sikuitika, na hilo limekaa nami hadi leo.

Likizo ilipofika Baba alinipeleka. Ahero ilikuwa mji, na ilikuwa kavu. Nilikuwa nimejiandaa kwa majuma mengi kumkuta Dani amekonda kwa kunikosa. Tulimkuta kando ya barabara, kwenye meza mpya ya mbao, akiwatumbua samaki aina ya perege waliovuliwa kwenye mifereji ya mpunga, na alikuwa amenenepa. Waya Risper alikaa pembeni yake akipaa magamba vibaya, na Dani alikuwa akimcheka, na Waya alikuwa akicheka pia. Hawakutuona. Nilifurahi na niliumia, sijui kipi kilitangulia. Baba alitaka kumwita, nikamshika shati. Palikuwa na wateja wawili mbele ya meza. Nikaenda kusimama nyuma yao, nikangoja zamu yangu.